Roboti amekufa au imezimika? Mwongozo kamili wa kuandika mwisho wa hadithi ya mtu na mashine

Asubuhi moja kwa wakala wa pesa, Mbagala Rangi Tatu, nilipanga foleni nyuma ya mama aliyekuwa akimlalamikia mwenzake: "Mfumo umegoma tangu saa mbili, na mimi mwenyewe leo sina chaji kabisa." Hakuwa akitunga shairi. Alitaka pesa zake akanunue samaki. Lakini kwa pumzi hiyo moja alikuwa ameupa mfumo hasira za kibarua, na yeye akajivika betri. Anayeandika bunilizi ya kisayansi akiwa Dar es Salaam ana bahati. Kazi ya kuchanganya mtu na mashine wenye mji walishaianza.

Kinachobaki ni kigumu zaidi, nacho ni kumaliza. Hadithi za namna hii ninazopewa nizipitie, nyingi huanza kwa kishindo zikafia ukurasa wa mwisho. Roboti hutoa chozi. Au hutangaza kwamba naye ana moyo. Au, Mungu atusamehe, mhusika huzinduka kumbe alikuwa anaota. Sisemi kwa kejeli. Roboti wangu wa kwanza alilia pia, na dada yangu alipomaliza kusoma aliniuliza chozi lile lilikuwa la petroli au la dizeli.

Kwa hiyo hapa tutashughulika na kurasa tatu nne za mwisho tu. Nitatumia hadithi yangu moja kama mfano toka hatua ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na makosa niliyoyafanya humo.

Hatua ya 1: Tafuta mahali ambapo mpaka umeshafutika

Chukua daftari, utembee. Siku mbili zinatosha. Andika kila unaposikia mashine ikipewa kitenzi cha mtu, au mtu akipewa kitenzi cha mashine. Mimi nilikaa kituo cha mwendokasi Gerezani, kisha nikapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo. Nilirudi na haya: mashine imemeza kadi, simu imekula vocha, gari linakunywa mafuta, mita imekataa tokeni. Na upande wa pili: akili imeganda, kichwa hakisomi, nilizima ghafla kwenye kochi. Hiyo ndiyo akiba yako ya lugha. Mwisho wa hadithi utajengwa kwa maneno haya, siyo kwa istilahi za kamusi ambazo mhusika wako hajawahi kuzitamka.

Baada ya maneno, tafuta jambo. Liwe la kweli, liwe karibu, na liwe na maumivu ndani yake. Katika hospitali ya Muhimbili, Upanga, walianza kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia mwaka 2017. Kifaa hicho kina sehemu mbili: moja hukaa ndani ya fuvu milele, nyingine huvaliwa nje nyuma ya sikio na hutumia betri. Mtoto akivua ile ya nje usiku, dunia inanyamaza kabisa. Fikiria mama anayemwimbia mtoto wake alale: awahi kumaliza wimbo kabla ya kukivua, au akivue kwanza kisha aimbe hivyo hivyo? Hapo kuna hadithi nzima, na hujavumbua chochote.

Palepale Upanga, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huwawekea wagonjwa kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo, ambacho mitaani tumezoea kukiita betri ya moyo. Tahadhari moja kwa watungaji: betri hiyo haichajiwi ukutani. Hukaa miaka kadhaa, kisha kifaa hubadilishwa kwa upasuaji. Nimesoma hadithi ambamo umeme ulikatika Tabata na babu akafa kwa sababu hakuchomekwa. Mwandishi alinitazama kwa huzuni nilipomwambia.

Mimi nilichagua vidole. Unakumbuka 2019, laini za simu zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwenye foleni zile ndipo wengine walipogundua kuwa hawana alama. Saruji ina ukali wa chokaa. Ukiikanda miaka thelathini inakukausha ngozi na kula ile mistari ya vidole mpaka ncha zinakuwa laini kama kokoto za ufukweni. Mwashi anaweka dole gumba kwenye kioo, kioo kinamwambia jaribu tena. Anafuta kidole kwenye shati, anajaribu tena. Ameujenga mji huu kwa vidole hivyo, na mji ukimgusa haumtambui.

Basi, hadithi yangu ikawa hii. Mzee Salehe wa Mbagala, mwashi mstaafu, alama zake zimefutika. Mashine ya zege ikamkata mkono wa kulia. Akapewa mkono bandia wa kisasa, na waliouunda, kwa wema kabisa, wakauchonga alama kwenye dole gumba ili umsaidie kufungua simu na kuchukua pesa. Miaka ikapita. Laini, benki, kliniki, vyote vikazoea dole gumba lile. Siku moja mkono ukaharibika kwa chumvi ya bahari, akaupeleka kwa fundi Kariakoo. Wiki hiyohiyo ikatangazwa siku ya uhakiki wa wastaafu, yaani siku ya kwenda kuthibitisha kwamba bado unaishi.

Hatua ya 2: Amua nani atalipa

Wengi huanza kuandika mwisho wakiwa na swali la "je, huyu ni mtu kweli?" Swali hilo halina mwisho. Wanafalsafa wamekaa nalo karne na karne, na wewe una kurasa tatu. Badala yake uliza: yakishaamuliwa, nani anatoka hapo akiwa amepungukiwa?

Neno lenyewe "roboti" lilizaliwa kwenye swali hili. Liliingia duniani kwa tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa 1920 na kuonyeshwa Prague 1921, likitokana na neno la Kicheki lenye maana ambayo Kiswahili kina jina lake kamili: shokoa, kazi ya kulazimishwa. Roboti wa tamthilia hiyo si wa bati na nyaya; wana miili kama sisi, wametengenezwa katika kiwanda kilichoko kisiwani. Wanaasi, wanawaua wanadamu wote isipokuwa mmoja, Alquist, ambaye wanamwachia kwa sababu anafanya kazi kwa mikono kama wao. Ni mjenzi. Nilipolifahamu hilo nilimwona Mzee Salehe amesimama pale kisiwani na mwiko wake.

Mwisho wa Čapek unafaa kuchunguzwa kwa ufundi wake. Alquist anataka kumpasua mmoja kati ya roboti wawili wapendanao, wa kiume na wa kike, ili ajifunze namna ya kutengeneza wengine. Kila mmoja anaomba apasuliwe yeye badala ya mwenzake. Mzee anaelewa, anawaacha waende, akiwaita Adamu na Hawa. Hakuna aliyetoa hotuba kwamba ana utu. Bei ilitajwa, kila mmoja akajitolea kuilipa.

Isaac Asimov alifanya jambo la karibu na hilo katika hadithi yake ya 1976 kuhusu roboti aliyeishi miaka mia mbili. Ili akubalike kuwa mtu, anachagua ubongo wake uharibike taratibu hadi afe. Hapo bei ni uzima wenyewe. Ukinunua utu kwa bei ndogo kuliko hiyo, msomaji atataka risiti.

Kwetu suala hili tunalijua kwa jina jingine. Vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali kwenda mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro enzi za ukoloni waliitwa manamba, kwa sababu ya namba. Kadi yao ya kazi iliitwa kipande. Miaka mingi kabla hatujaiona kompyuta, Kiswahili kilikuwa tayari na neno la mtu aliyegeuzwa tarakimu na kukatwa vipande. Ukiandika mwisho wako, kumbuka kwamba msomaji mwenye babu aliyepita mashambani huko hahitaji kuelezwa maana ya kuwa chombo.

Katika mfano wangu: nani analipa? Mkono haulipi kitu. Anayelipa ni Mzee Salehe. Nililiandika hilo kwenye karatasi nikalibandika ukutani kabla ya kuandika sentensi hata moja ya ukurasa wa mwisho.

Hatua ya 3: Shika ngeli

Hapa ndipo nataka tukae, maana ndiyo zana ambayo mwandishi wa Kiswahili anayo na wenzake wa lugha nyingi hawana.

Sema kwa sauti: roboti imesema. Kisha sema: roboti amesema. Umesikia? Mpaka wote tunaoutafuta, ule ambao filamu hutumia saa mbili na muziki mzito kuuvuka, wewe umeuvuka kwa silabi moja. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuchagua kati ya mwanamume, mwanamke na kitu. Wewe hulazimiki kumvika roboti jinsia. Unalazimika jambo moja tu: anaishi, au haiishi?

Na usidhani watu wanafuata kitabu cha sarufi. Ngeli ya A-WA si ya watu peke yao. Mbu yumo, jini yumo, Mungu yumo. Kipofu, kinyozi na kiongozi wana mwili wa KI lakini wanasema "amefika", hawasemi "kimefika". Yaani lugha ilishakubali zamani kwamba umbo si hoja. Kisha angalia upande wa pili, wa dharau: "jitu lile limekuja tena", "kijitu chenyewe kinajidai". Tunamtoa mtu kwenye ngeli yake kila siku, mchana kweupe, kwa kumchukia tu. Na maiti je? Wako wanaosema maiti huyu, wako wanaosema maiti hii, na mara nyingine ni msemaji yuleyule, kabla na baada ya kuoshwa na kuvikwa sanda. Msikilize mfiwa anavyobadilisha, utajifunza kuliko kwenye mwongozo wowote, huu ukiwamo.

Sasa matumizi. Fanya hivi kwa mpangilio.

Kwanza, amua ngeli ya mashine yako katika sauti ya msimulizi, na uishike kwa uaminifu kuanzia ukurasa wa kwanza. Ukichanganya bila kukusudia, msomaji atadhani hujui Kiswahili na zana yako itakuwa imekufa. Chunga majina pia. Ukiibatiza mashine Tumaini, utajikuta unaandika "Tumaini alisema" bila kufikiri, na uamuzi mkubwa wa hadithi utakuwa umefanywa na jina.

Pili, wape wahusika ngeli tofauti. Katika hadithi yangu, fundi wa Kariakoo anasema "uache hapa, njoo uuchukue Alhamisi". Mjukuu, Zuhura, binti wa miaka kumi na sita, anasema "mkono wa babu" na kuishia hapo. Mzee mwenyewe husema "huyu mwenzangu", kwa utani, na utani huo niliuweka mara mbili tu, mapema, ili mwishoni usiwe utani.

Tatu, chagua mahali pamoja, pamoja tu, ambapo ngeli itageuka, na uutie mgeuko huo kinywani mwa mtu asiyejali. Kosa nililoona mara nyingi ni kumpa mhusika anayependa: mke anayeanza kumwita roboti "yeye" huku machozi yakimlengalenga. Huo ni mgeuko wa bei rahisi, kila mtu aliutarajia. Lakini mgeuko ukitoka kwa mtu mwenye haraka, anayetaka tu foleni isogee, unakata kama wembe, kwa sababu hakukusudia na yuko sahihi.

Nne, pima viambishi vya kati, siyo vya mwanzo tu. "Nilimzima" na "niliizima" ni mauaji na kuokoa umeme. Na neno hilo "zima" lenyewe ni la kuchezewa kwa uangalifu: mzima ni aliye hai, mtu mzima ni aliyekomaa, kuzimia ni kupoteza fahamu, kuzimu ni kwa wafu. Mhusika akiuliza "Ni mzima?" mbele ya mashine, huna haja ya sentensi nyingine. Ila usiyapange yote katika aya moja. Niliwahi, ikasomeka kama kitendawili cha kwenye karatasi ya mtihani.

Zoezi la hatua hii: andika ukurasa wako wote wa mwisho kwa ngeli ya kitu. Uandike upya kwa ngeli ya mtu. Zisome zote mbili kwa sauti na uweke alama pale ulimi unapokataa. Hapo pana mwisho wako.

Hatua ya 4: Andika miisho kadhaa, tupa karibu yote

Wa kwanza kuja hutoka kwenye filamu ulizoziona. Uandike upite. Wangu ulikuwa huu: usiku, mkono peke yake kwenye meza ya fundi unachukua kalamu na kuandika "mimi ni Salehe". Nilijisifu kama nusu saa hivi. Kisha nikajiuliza swali la hatua ya pili, nani amelipa, na jibu likawa hakuna. Nikautupa.

Wa pili ulikuwa bora. Mzee anarudi na mkono uliotengenezwa, anauweka juu ya jiwe uani, anachukua nyundo yake ya uashi na kuuponda. Kesho yake laini imekufa, benki imemsahau, kliniki haimjui. Amelipa kweli. Lakini nilipousoma tena niliona mtu ameshinda na mashine imeshindwa, mpaka ukarudishwa mahali pake na kupakwa rangi mpya. Sikuwa nimeandika hadithi ya mpaka uliofutika; nilikuwa nimeandika hadithi ya nyundo.

Hapa pana jaribu la kuachia mwisho hewani ili uonekane mzito. Liangalie kwa jicho kali. Mwisho ulio wazi si mwisho usioamuliwa. Mary Shelley, katika Frankenstein ya 1818, anamwacha kiumbe aruke kwenye pande la barafu akiahidi kwenda kujichoma moto, na giza linammeza. Hatukioni kifo chake, lakini amri ameshaitoa yeye mwenyewe na tunajua kwa nini. Kilichoachwa wazi ni picha, uamuzi umefungwa. Filamu ya Blade Runner ni funzo la aina nyingine. Ilipotoka 1982 walibandika mwisho wa furaha, wapenzi wakiendesha gari kwenye mandhari ya kijani. Toleo la 1992 likaukata mwisho huo na kuingiza ndoto ya farasi mwenye pembe moja, na ghafla farasi mdogo wa karatasi anayeokotwa sakafuni mwishoni akawa na maana nyingine: huenda msaka roboti naye ni roboti. Karatasi ilikuwamo tangu 1982. Hawakuongeza maelezo mwishoni. Walipanda kitu kidogo mapema zaidi, kisha wakafunga mlango haraka. Mwisho wako ukikosa nguvu, mara nyingi dawa iko ukurasa wa nne, haiko wa mwisho.

Kwa hiyo nilirudi nyuma. Nikaongeza siku moja kabla: Mzee Salehe anaenda kwenye uhakiki bila mkono. Binti wa dirishani anamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba." Anaweka dole gumba la kushoto, kioo kinajaribu mara tatu, na kwenye skrini linatokea neno kwa rangi nyekundu: HAYUPO. Binti anasikitika kwa dhati. Anasema mfumo ndiyo unavyosema, babu, mimi sina la kufanya. Anamwonea huruma mtu aliye mbele yake ambaye hayupo.

Halafu mwisho wa tatu. Siku ya pili Zuhura ameuchukua mkono Kariakoo, umefungwa kwenye khanga ndani ya kikapu. Babu anamfuata nyuma. Binti wa dirishani, foleni imefika barabarani, anaona kikapu:

"Mweke hapa, mdogo wangu. Na wewe babu, kapumzike kwenye benchi pale."

Mweke. Siyo uweke. Skrini inaandika kwa kijani: YUPO.

Hatua ya 5: Kata

Rasimu yangu iliendelea baada ya hapo. Mzee alikaa kwenye benchi akatafakari maisha yake, akakumbuka maghorofa ya Kariakoo aliyoyajenga, akajiuliza yeye ni nani. Aya nne. Nilizipenda, hasa ile ya maghorofa. Zote zilikuwa zinamweleza msomaji kile ambacho "mweke" ilishamweleza.

Kanuni yangu: tafuta tendo la mwisho lenye bei, soma kuanzia hapo, na kila sentensi inayoanza na "alijiuliza", "alitambua" au "labda" ifute. Kisha futa na nyingine moja. Nilikuwa pia nimemfanya binti auamkie mkono shikamoo. Nilisita sana hapo, kwa sababu salamu hiyo, ambayo tunaambiwa asili yake ni kushika miguu ya mkubwa, ukiutolea mkono usio na miguu inachekesha na kutisha kwa pamoja. Lakini migeuko ilikuwa imekuwa miwili, na wa pili ulikuwa unakonyeza jicho. Niliiacha salamu kwenye siku ya kwanza tu. Siku ya pili binti hamwamkii mtu yeyote, ana haraka. Sijui kama msomaji analiona hilo, ila mimi naliona.

Kwa hadithi fupi ya maneno elfu tatu hivi, onyesho la mwisho likizidi maneno mia nne jua kuna mtu humo ndani anahubiri.

Hatua ya 6: Jaribu kwa masikio

Weka rasimu wiki moja bila kuigusa. Kisha isome kwa sauti mbele ya watu wawili au watatu ambao hawaandiki. Waandishi wenzako watakusifia mbinu. Shangazi yako atakuambia alipochoka.

Usiwaulize wameelewa nini. Watakupa jibu la darasani. Waulize: "Mwishoni nani yuko kwenye benchi?" Wakijibu "mzee", uliza "na mezani?" Msikilizaji wangu wa kwanza, dereva wa bajaji anayeegesha karibu na nyumbani, alisema: "Mezani ni mzee, kwenye benchi ni babu yake yule binti." Nilimlipa soda. Msikilizaji wa pili aliuliza kwa nini hawakutumia macho badala ya vidole, maana siku hizi kuna mashine za kusoma macho. Swali zuri, nililitatua kwa sentensi moja ukurasa wa pili: Mzee ana mtoto wa jicho. Matundu ya namna hii yazibe mapema kabisa. Ukianza kueleza teknolojia kwenye ukurasa wa mwisho umeshampoteza mtu.

Na saa: andika saa zetu. Mhusika wa Mbagala hafiki ofisini saa 8 asubuhi, hata kama hadithi iko karne ijayo.

Hatua ya 7: Mwandikie mhariri barua

Hatua hii sikuijua, ndiyo maana naiweka. Ukipeleka hadithi, ambatisha orodha fupi ya maneno ambayo yanaonekana kuwa makosa na si makosa. Taja ukurasa na mstari. Andika: ukurasa wa mwisho, "mweke" imekusudiwa, tafadhali isiguswe. Usione aibu, wala usidhani unamdharau. Mhariri mzuri kazi yake ni kuona upatanisho wa kisarufi uliovunjika na kuuunga. Kisha omba kuiona nakala kabla haijachapwa, na ukiipata, anza kusoma kutoka mwisho.

Mimi sikuomba. Jarida lililoichukua hadithi ya Mzee Salehe lilikuwa na mhariri makini sana. Ilitoka ikiwa safi, haina kosa hata moja la tahajia, na mstari wa mwisho unasomeka: "Uweke hapa, mdogo wangu." Watu kadhaa walinipigia kunipongeza. Walisema ni hadithi nzuri ya mzee aliyesahau mkono wake kwa fundi.